Kichuguu Nyuma ya Jiko

Kwa miaka mingi Fatouma Yuma alishona nguo katika mtaa wa Hewa Bora, kwenye baraza lililotazamana na ukuta wa jirani. Akiinua macho kutoka kwenye cherehani aliona simenti, juu ya simenti vipande vya chupa, na juu ya vipande vya chupa mstari mwembamba wa mbingu. Wateja walimletea vitenge, yeye akawashonea blauzi za libaya na sketi za harusi. Ungemuuliza mvua ilianza lini mwaka ule, angekueleza habari ya matope yaliyoingia mlangoni, na basi.

Mumewe, Rachid, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Wazee wao wote wawili walitoka Maniema, pande za Kasongo, na wao wenyewe walizaliwa Lubumbashi. Macho ya Rachid yalipoanza kuuma kwa sababu ya moto wa kazi, daktari alimwambia aache. Akafunga karakana, akakumbuka kiwanja alichonunua zamani kando ya barabara ya Kasomeno, mbali na mji. Akajenga nyumba ndogo yenye jiko kwa nyuma, na kabla mvua hazijaanza wakahamia huko.

Fatouma hakupenda. Mtoto wao mkubwa, Idrissa, alikuwa anafanya kazi Kolwezi, wadogo zake wameoa na kuolewa, na Asha, dada yake Fatouma, amebaki Hewa Bora. Jioni ya kwanza alimpigia Asha simu akiwa amekaa juu ya maboksi.

"Uko namna gani kule?" Asha aliuliza.

"Hakuna bantu. Iko majani tu, na Baba Idrissa."

Aliweka cherehani lake jikoni, kwenye dirisha la nyuma, kwa kuwa ndipo palipokuwa na mwanga. Dirisha lile liliangalia kichuguu. Kilikuwa kichuguu kikubwa kama vile vingi vya Katanga, kirefu kuliko nyumba, chenye vichaka na miti juu yake, udongo wake mwekundu ukionekana hapa na pale. Rachid alikwisha kuzungumza na mtu mmoja aitwaye Gauthier, mwenye kazi ya matofali. Mvua zikipungua, Gauthier angekuja na watu wake, wakivunje, wafyatue matofali na kuyachoma palepale. Nusu ya matofali yangekuwa yao, nusu yangebaki kwa ajili ya ukuta wa kiwanja. Kila mtu Lubumbashi anajua kwamba udongo wa kichuguu hutoa tofali gumu. Fatouma aliposikia mpango huo alisema tu, "Ni muzuri," akaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Mvua zilinyesha miezi yake. Maji yalipiga bati mpaka redio isisikike, na Fatouma alishona kidogo, akalala sana, akalalamika kwa Asha. Halafu, baada ya Idi, mvua zilianza kuchoka. Zilikuja alasiri, zikaondoka upesi, na baada yake jua lilitoka safi kana kwamba limeoshwa. Ndipo Fatouma alipoanza kuona.

Cha kwanza kilikuwa ndege mmoja mweusi, mwenye mkia mrefu kuliko mwili wake. Alipita juu ya majani akiruka kwa shida, mkia ukiburuta nyuma yake, na Fatouma akaacha kukanyaga cherehani. Alifikiri, huyu amepewa kitambaa kingi mno. Akacheka peke yake. Kesho yake alimtafuta tena, akamwona, na safari hii alikuwa na wenzake.

Baada ya hapo mambo yalikuja mbiombio. Aliona kwamba majani aliyoyaita majani tu yalikuwa ya aina nyingi: mengine yalikuwa na vichwa vya zambarau, mengine yalipinda kwa uzito wa mbegu, mengine yalimpita Rachid kwa urefu. Aliona kwenye ubavu wa kichuguu ua jekundu lenye kingo za manjano, petali zake zimejikunja kwenda juu, na mmea wenyewe ukishika vijiti kwa ncha za majani yake kama mtoto anavyoshika kidole. Aliona uyoga, bowa wadogo weupe, wamejitokeza chini ya kichuguu baada ya mvua ya alasiri, wengi kama vifungo vilivyomwagika, akawachuma, akawapika kwa karanga. Rachid alikula ugali wa bukari mara mbili siku ile. Aliona kereng'ende wakisimama hewani juu ya dimbwi bila kusogea. Mahindi yalikauka kwenye shina yakawa yanalia upepo ukipita, na alipong'oa karanga, udongo ulitoa harufu ambayo hakuijua, akabaki ameinama ili ainuse tena.

Kila jioni alimsimulia Asha.

"Leo niliona muti moja iko na matunda inafunguka peke yake," alisema. "Inapasuka, pa. Mbegu zinaruka mbali. Nilikaa pale kungojea ingine ipasuke."

Asha alimkatiza. "Fatouma, uko unakula muzuri?"

"Niko nakula."

"Baba Idrissa eko anakuongelesha?"

"Asha, nakuambia habari ya muti."

Halafu alikuja ndege yule mwingine.

Hakuwa na uzuri wowote. Alikuwa wa kijivu kwa juu, mweupe mchafu kwa chini, na shavu jeupe. Lakini alikuwa na mdomo. Fatouma akishuka asubuhi kwenye kijito kuchota maji ya kumwagilia mboga, ndege yule alitua kwenye mti wa karibu na kuanza kupiga kelele moja kwa moja, bila kupumua, sauti ya haraka na kavu kama cherehani lisilotiwa mafuta. Fatouma alisogea, ndege akasogea. Alirudi nyumbani, ndege akamfuata nusu ya njia huku akipiga kelele juu ya kichwa chake. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu Fatouma aliweka ndoo chini, akatoa simu, akairekodi ile kelele na kumtumia Asha.

Jibu la Asha lilikuja upesi. "Ile ndege inakutukana. Itupie jiwe."

Fatouma alirusha jiwe. Ndege aliruka, akatua tawi la pili, akaendelea palepale alipoachia.

Jirani wa karibu alikuwa mjane mmoja aitwaye Hortense, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Wazazi wake walitoka Kasai, wakaja Lubumbashi kwa treni wangali vijana, na watoto wake wote walipita chuo kikuu cha Kasapa kabla ya kutawanyika. Shamba lake la karanga lilipakana na kiwanja cha Rachid. Hortense na Fatouma walikuwa wamesalimiana tu tangu mwanzo, kwa heshima, kila mmoja upande wake. Siku ile Hortense alikuwa anang'oa karanga, akamwona jirani yake akiirushia miti mawe.

"Mama Idrissa, kuko nini? Nyoka?"

"Hapana nyoka, Mama. Ni hii ndege. Inanitukana tangu juzi. Sikia." Akamsikilizisha simu, ingawa ndege mwenyewe alikuwa palepale juu anapiga kelele ileile.

Hortense aliinua uso, akasikiliza sauti mbili kwa pamoja. Karanga zilimponyoka mkononi.

"Mama Idrissa," alisema polepole, "hii ndege haikutukani. Inakuita."

"Inaniita wapi?"

"Ku asali. Papa alikuwa anatusimuliaka. Asema kwabo ku Kasai kulikuwa ndege ya namna hii. Inajua fasi banyuki banajificha, lakini haiwezi kufungua nyumba yabo. Inatafuta muntu. Ukiifuata inakupeleka. Halafu unaiachia yayo kidogo, ile nta."

"Na weye uliifuataka?"

"Miye? Hata siku moja. Miye nilizaliwa huku, nilikuwa na banafunzi tu na chaki. Nilizania ni hadisi ya papa."

Walitazamana. Wote wawili walikuwa wanawake wa makamo, mmoja na ndoo, mwingine na udongo mpaka viwikoni. Ndege juu yao hakunyamaza. Hortense alifunga kitenge chake upya kiunoni, akakaza.

"Bon," alisema. "Twende."

Ndege alipoona wameanza kusogea, aliruka mbele, na mkia wake ulipofunguka ulionyesha weupe pande zote mbili, hata katika majani marefu wakamwona wazi. Alitua, akawangoja, akapiga kelele. Walipokaribia akaruka tena. Huyu ndege anawangoja kweli. Fatouma alisimama makusudi ili ajaribu, na ndege akarudi nyuma tawi moja, akaongeza kelele kana kwamba anauliza wamekwama nini.

"Umeona?" Fatouma alinong'ona. "Amerudia."

"Nimeona. Tembea tu, tembea."

Walikata shamba la karanga la Hortense, wakaingia kwenye majani yaliyowafunika vichwa. Umande uliwalowesha mpaka magotini. Hortense aliacha ndala moja kwenye matope na hakurudi kuichukua. Alipochoka alimwambia ndege angoje, kwa Kifaransa, kwa sauti ileile aliyowasemesha wanafunzi wake, "Attends, attends, tunakuya," na Fatouma alicheka mpaka akashika mti. Wakafika kwenye miti ya muputu, mahali penye kivuli, na ndege akanyamaza ghafla. Hawakumwona tena. Walisimama wakizungusha shingo, wamekata tamaa, Hortense akiwa na mguu mmoja peku. Halafu kelele ikaanza upya, upande wa kushoto, mbali kidogo, na wakakimbia. Fatouma hakukumbuka mara ya mwisho alipokimbia.

Majani yaliisha. Mbele yao kulikuwa na bati la nyumba, na kamba ya nguo yenye shati la buluu. Ilimchukua Fatouma muda kutambua kwamba shati lile alilifua yeye mwenyewe jana. Walikuwa wamezunguka na kutokea nyuma ya jiko lake. Ndege alikuwa ametua kwenye kichaka juu ya kichuguu, na sasa alikaa kimya, amejikunyata, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Hapa ni kwangu," alisema Fatouma.

"Nyamaza. Sikia."

Alisikia. Ilikuwa sauti nene, ya chini, ambayo huenda ilikuwepo siku zote na yeye akadhani ni ya upepo. Walizunguka ubavuni, upande ambao dirisha halikuuona lakini mlango wa jiko uliuona. Karibu na ardhi, chini ya mizizi, kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa mdomo wa sufuria, lililochimbwa zamani na mnyama fulani. Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka, wanaingia na kutoka, miguu yao imebeba vumbi la manjano. Jua la asubuhi lilipiga mle ndani, na kwa nyuma kabisa Fatouma aliona ukingo wa sega moja, jeupe, limening'inia kama pazia. Harufu ilimfikia, harufu ya maua na nta na kitu cha moto. Alimshika Hortense mkono na hakumwachia.

Miezi yote hii alishona akikitazama kichuguu, na wao walikuwa ubavuni tu. Alitaka kumwambia mtu sasa hivi.

Rachid alikuwa mbele ya nyumba, anapigilia vijiti vya kupimia msingi wa ukuta, na kamba imepita kutoka kijiti hadi kijiti.

"Baba Idrissa, kuya uone."

"Nini?"

"Kuya kwanza. Banyuki, bengi, mu kichuguu chetu. Ndege ndiyo imetuleta, tumezunguka pori yote."

Rachid aliwaangalia wanawake wawili wale waliolowa, na mguu wa peku wa mwalimu. "Mama Idrissa, kesho Gauthier anakuya na bantu yake. Acha nimalize hii kamba."

Jioni alimweleza tena, taratibu, akiwa amempakulia chakula. Alimwomba wakiache kichuguu. Rachid hakuwa mtu wa kugombana. Alimega bukari, akatafuna, akafikiri.

"Kila siku mbuzi ya bantu inakula sombe ya mihogo yetu," alisema. "Ukuta tutaijenga na nini? Na asali?"

"Haujaenda hata kuangalia."

"Banyuki nabajua. Bakisikia moshi batakimbia. Nitamuambia Gauthier aanzie upande ya pili, mbali nabo. Sawa?"

Haikuwa sawa, lakini Fatouma alijua kwamba leo hatapata zaidi ya hapo.

Gauthier alifika asubuhi wakati chai ilikuwa bado inachemka. Alikuwa mwanaume mnene, mcheshi, na watu wake walibeba majembe na sululu begani. Fatouma alitoka nje na kikombe mkononi, akawaonyesha tundu kwa mbali. Gauthier alichungulia, akatikisa kichwa.

"Mama, hii kichuguu ni kubwa. Banyuki beko huku, siye tutakuwa kule. Hata habatajua kama tumefika."

"Batajua," Fatouma alisema.

"Tutapiga polepole."

Walizunguka upande wa pili. Rachid alisimama nao, mikono kiunoni, kama mwenye kazi. Mtu wa kwanza aliinua sululu na kuipiga kwenye udongo mkavu, na kichuguu kizima kikatoa mlio wa kitu kitupu, kama ngoma. Akapiga tena. Fatouma, akiwa mlangoni mwa jiko, aliona tundu likibadilika rangi. Lilikuwa jekundu, likawa jeusi, na ule weusi ukainuka hewani.

"Ingieni ndani," aliita. "Bote, ingieni."

Hakuna aliyeuliza maswali. Majembe yaliangushwa, sululu ikabaki imechomekwa kwenye udongo, na wanaume wale wakaja kwa mbio, Gauthier mbele ya wote licha ya unene wake, Rachid mwisho, anajipiga kichwani kwa kofia. Waliingia jikoni kwa kusukumana. Fatouma alifunga mlango, akaziba chini yake kwa kitenge cha mteja, akafunga dirisha. Nje kioo kilianza kugongwa kwa sauti ndogondogo, kama mvua ya kwanza.

Walisimama wakihema. Kisha mmoja wa wafyatua matofali alianza kucheka, na kicheko kikawapitia wote. Gauthier alikuwa na nundu kwenye kila sikio. Mdomo wa juu wa Rachid ulikuwa unavimba huku wanamtazama.

"Habakujua kama tumefika," alisema Rachid kwa shida, akimtazama Gauthier, na Gauthier alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Fatouma aliwapanga kwenye mkeka, akachukua kisu, akawakwangua miiba kwa mgongo wa kisu, mmoja baada ya mwingine, akawapaka kitunguu. Kisha akawapa chai. Jiko lilijaa, na Rachid alipata kiti kimoja tu kilichobaki, kile cha cherehani. Alikaa hapo, mdomo umevimba kama mkate, akiangalia nje kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia.

Nyuki walitulia polepole. Jua lilipanda. Fatouma alikuwa anaosha vikombe aliposikia mumewe anauliza, "Ile nini?"

"Nini?"

"Ile nyeusi. Iko na mukila murefu."

"Iko pale kila siku," Fatouma alisema. "Ngoja, utaona inarudia na benzake."

Rachid alingoja. Wakarudi. Aliuliza habari za ua jekundu, na Fatouma akasogea, akasimama nyuma ya bega lake, akamwonyesha jinsi mmea unavyojishikilia. Alimwonyesha mahali bowa walipotoka, mjusi wa buluu anayeota jua kwenye jiwe lilelile kila siku saa hii, kiota cha ndege wadogo katika kichaka cha juu. Rachid alisogeza uso karibu na kioo. Macho yake hayakuwa mazuri tena, lakini alitazama kwa bidii, kama zamani alivyotazama mshono wa chuma uliokaribia kushikana. Halafu yule ndege wa kijivu alikuja akatua juu ya mpini wa sululu, akaanza kelele zake.

"Ndiyo ile?" Rachid aliuliza.

"Ndiyo yayo."

Rachid alimsikiliza kwa muda mrefu. "Iko na kichwa nguvu," alisema hatimaye, na Fatouma alijua kwa sauti yake kwamba kichuguu hakitavunjwa tena.

Gauthier, aliyekuwa anajigusa masikio, aliingilia. "Papa, miye ni muntu wa pande za Kasomeno. Kwetu, asali tunatoaka na moshi, magaribi, kabla jua haijaingia. Udongo nitatafuta kwingine, bichuguu biko bingi. Lakini asali, mukikubali, nitatoa leo."

Rachid alikwisha kusimama. Alikuwa amekumbuka kopo la maziwa ya unga lililokuwa kwenye rafu. Alasiri yote alikaa barazani na nyundo na msumari, anatoboa matundu, anakunja mpini wa waya, anajaribu na kurekebisha, anaita Fatouma aje aone jinsi moshi unavyotoka vizuri. Hakuwa amegusa kazi ya chuma tangu afunge karakana. Manyunyu yalishuka, yakapita, hewa ikapoa, na Hortense akafika akiwa amevaa mabuti ya mvua na kofia ya jua, kwa kuwa alisema hatakubali kusimuliwa.

Gauthier alijifunga shuka mwili mzima. Alipuliza moshi wa majani mabichi kwenye tundu kwa lile kopo la Rachid, akanyamaza, akapuliza tena, akiwasemesha nyuki kwa Kibemba kwa sauti ya chini. Kisha alipiga magoti na kuingiza mkono mpaka begani. Mkono ulitoka na sega zito, upande mmoja jeupe, upande mwingine la rangi ya chai, na asali ikidondoka kwenye beseni la Fatouma. Akatoa la pili, na la tatu.

"Inatosha," Fatouma alisema. "Bachie yabo."

"Mama, iko bado mingi sana."

"Ndiyo maana. Acha."

Walikula wamesimama, wakilamba vidole. Asali ile ilikuwa na uchungu kidogo nyuma ya utamu, na Fatouma, akiwa amefumba macho, alidhani anaonja ile harufu ya udongo wa karanga, na majani ya zambarau, na maua ambayo bado hajayaona. Hortense alimeza, akasema, "Papa hakudanganya," kisha akageuka pembeni kwa muda. Watu wa Gauthier walipewa kila mmoja kipande cha kupeleka nyumbani, wakaondoka wamebeba majembe yao na nundu zao.

Sega moja tupu Fatouma aliliweka juu ya jiwe. Asubuhi iliyofuata yeye na mumewe walikaa dirishani bila kusema, mabega yamegusana, mpaka ndege akashuka na kuanza kumega nta.

Ukuta haukujengwa. Rachid alikwenda mjini, akarudi na mabaki ya nondo na mabomba, akatengeneza uzio wa vyuma, kipande kwa kipande, akivaa miwani ya giza na kufanya kazi saa za asubuhi tu. Mbuzi waliendelea kupita mahali ambapo bado hajamaliza. Fatouma alishona nguo kama kawaida, ila wateja walioleta vitenge kutoka mjini walianza kukawia, kwa sababu aliwazungusha nyuma ya nyumba kwanza.

Asha alikuja kumtembelea mwisho wa Aprili. Alisema angelala usiku mmoja, ahakikishe tu kwamba dada yake ana akili zake. Asubuhi Fatouma alimwamsha mapema, akamfunga kitenge, akamshusha kwenye bonde la kijito ambako majani yalikuwa yamegeuka dhahabu. Baridi ilikuwa imeanza. Juu ya bonde kulikuwa na ndege wengi, wa rangi ya maji na kahawia na manjano shingoni, wakizunguka na kuitana kwa sauti laini, wakipanda juu zaidi kila mzunguko. Kundi lingine lilitokea nyuma ya miti likajiunga nao. Kisha wote kwa pamoja wakashika njia ya kaskazini.

Asha alikuwa amefungua mdomo. "Banaenda wapi?"

"Sijue," Fatouma alisema. "Tutauliza Hortense."

"Na kule ng'ambo ya maji, kuko nini?"

"Sijafika bado."

Asha alivua viatu vyake vya mjini, akavishika mkononi, akaingia kijitoni wa kwanza.